Kabla Kusi Haijashika: Kulitayarisha Gari kwa Masika ya Malindi

Mvua ya kwanza ya masika ikipiga Malindi usiku, asubuhi gereji zimejaa. Hili halishiki moto, lile waipa zinakwaruza kioo, jingine taa moja inawaka na mwenziwe imejaa ukungu ndani. Madereva wanailaumu mvua. Ukilipandisha gari juu ya stendi ukalitazama chini, unaona mvua imekuta kazi imekwisha kufanywa. Tangu Desemba kaskazi imekuwa ikipuliza chumvi na mchanga ndani ya kila upenyo, jua limekausha raba zote, na vumbi jekundu la Marafa limejishindilia kwenye mikunjo ya bodi. Vikiwa vikavu, vitu hivi madhara yake ni ya polepole. Vikipata maji, chumvi inakula chuma kwa kasi, na vumbi linageuka tope linaloshika unyevu hata jua likirudi.

Ndiyo maana gari la pwani hutayarishwa wakati bado hakuna wingu. Muda mzuri ni mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi, kaskazi inapolegea na maleleji, ule upepo wa kugeuka kwa majira, kuingia. Bara mvua huchanganya Aprili. Kwetu Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi, na Juni bado kunanyesha. Hilo huwadanganya wengi. Aprili inapita kwa manyunyu, watu wanasema mwaka huu masika ni jina tu, halafu Mei inakuja na gari halijaguswa.

Kazi ya kwanza haihitaji spea yoyote: ni kuliosha gari chini, kwa maji matamu. Sehemu nyingi za kuoshea magari karibu na ufuo huvuta maji ya kisima, na kisima kilicho karibu na bahari kina chumvi. Unalipa uondolewe chumvi, unaongezewa. Muulize mwoshaji maji yake yatoka wapi. Akisema ya mfereji, yale ya Baricho, sawa. Ukitilia shaka, weka tone kwenye ulimi. Haigharimu kitu na ulimi hauongopi.

Toa magurudumu yote manne. Gari likiwa limekaa juu ya matairi yake, maji hayafiki nyuma ya zile plastiki za ndani ya madigadi, na huko ndiko kwenye shida. Plastiki hizo zimeshikwa kwa vibanio na skrubu chache, zifungue. Kwenye kona ya chini, pale madigadi ya mbele inapokutana na mlango, utakuta tope lililoganda. Likwangue kwa kijiti. Bisibisi inakwaruza rangi, na kutu inaanzia kwenye mkwaruzo huo huo. Kisha tafuta matundu ya kutolea maji chini ya milango na chini ya vizingiti vya bodi, upitishe waya mwembamba wenye ganda la plastiki. Mlango ambao ukiufunga unasikia maji yakicheza ndani, matundu yake yameziba, na unaoza kutokea ndani ambako huoni kitu mpaka rangi ianze kuvimba nje.

Magari yanayobeba samaki kutoka Ngomeni yana balaa lao peke yao. Barafu inayeyuka, maji yenye chumvi yanapenya chini ya zulia, na sakafu inaliwa kutoka juu kwenda chini. Kwenye Probox moja ya kazi hiyo, zulia la nyuma lilionekana zima kabisa. Lilipoinuliwa, sifongo lake likakamuliwa likatoa maji meusi, na mahali pale msumari ulizama kwenye sakafu kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Mwenye gari alikuwa amekuja kubadilishiwa pedi za breki. Kama unabeba samaki, trei ya plastiki yenye kingo chini ya makasha ni lazima, na zulia liinuliwe na kuanikwa kila wiki, masika au kiangazi.

Kutu iliyo juu juu inatibika nyumbani. Gonga kwa mgongo wa spana: chuma kikilia vizuri, bado kipo; kikitoa sauti ya kufa au kubonyea, hapo si pa kupaka rangi, ni pa kukata na kuchomelea bati jipya. Penye chuma kizima, anza na brashi ya waya, kisha msasa namba 80 mpaka chuma kiwe cheupe, halafu namba 180 kulainisha kingo za rangi ya zamani. Osha kwa maji matamu, acha juani siku nzima, pangusa kwa tina, ndipo upake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mikono miwili, wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili. Juu yake weka rangi nyeusi ya lami. Hii nyeusi ni nzuri sana juu ya chuma safi, na ni hatari juu ya chuma kichafu, kwa sababu inafungia chumvi na unyevu ndani na kutu inaendelea bila kuonekana. Wapo wanaopaka oili chafu ya injini kwa kuwa ni ya bure. Inazuia maji kwa muda, ni kweli. Lakini inavimbisha raba za bushi, inanasa mchanga, na mvua ikianza inadondoka kwenye udongo ule ule wenye kisima chako.

Kabla ya kuondoka upande wa bodi, fungua boneti utazame chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapotokea. Kuna mfereji uliofunikwa kwa plastiki yenye matundu. Ukiegesha chini ya mivinje, na ufuo wetu umejaa mivinje, vile vijani vyembamba vinapita kwenye matundu na kushonana chini hadi vinaziba njia ya maji. Mvua kubwa ikija, mfereji unafurika na maji yanaingia kupitia njia ya hewa ya feni na kumwagikia miguu ya abiria. Kulowa miguu ni dogo. Katika magari mengi ya Kijapani kompyuta ya injini imefungwa upande huo huo, nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na hilo ndilo litakalokuliza. Toa plastiki, ondoa takataka kwa mkono, kisha mwaga nusu ndoo ya maji. Yanatakiwa kutoka chini ya gari haraka, kulia na kushoto. Yakikawia upande mmoja, bado hujamaliza.

Sasa umeme. Joto la kaskazi ndilo linaloichosha betri, lakini mwenyewe huja kujua masika, siku ambayo taa, waipa na feni vimewashwa pamoja kwenye foleni. Ipime asubuhi kabla hujawasha gari, kwa multimita ya kawaida. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 imeshuka hadi kama robo tatu, 12.2 ni nusu, ikisoma 12.0 baada ya kulala usiku mmoja, ichaji na uipime tena kesho yake. Ikishuka tena bila kutumiwa, anza kutafuta pesa ya nyingine. Injini ikiwaka, multimita isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya hapo, kabla ya kulaumu altaneta, ile mashine inayochaji betri, kagua mkanda wake kama umelegea au umeng'aa kwa kuteleza.

Ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri usiung'oe kwa bisibisi. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya; kwenye magari mengi ni spana namba 10. Koroga kijiko kikubwa cha magadi ya kupikia kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, kisha mimina kidogo kidogo juu ya unga. Utafoka. Ukiacha kufoka, sugua kwa brashi, suuza, kausha, na urudishe chanya kwanza, hasi mwisho. Vaselini inapakwa baada ya kukaza, kwa nje. Wengine wanaipaka ndani ya kishikio kabla ya kukaza, halafu wanashangaa kwa nini stata inavuta kivivu.

Fuata huo waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Hapo chumvi hukaa kati ya kishikio na chuma. Stata nyingi zinazobadilishwa huku ni nzima; kibovu ni bolti moja yenye kutu. Jaribio lake ni rahisi: weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu mwingine apige stata. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fungua bolti, piga msasa pande zote mbili, kaza, paka vaselini juu. Bei yake ni msasa. Fyuzi nazo: iliyoungua ya ampea 15 irudishiwe ya 15. Ukiweka ya 30 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, kinachofuata kuungua ni waya.

Waipa ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachoachwa mpaka siku ya mvua. Raba inyumbuke ukiibana kwa vidole. Ikiwa ngumu au imepasuka kingo, inunuliwe mpya, na kwa masika haya tu. Jua la kaskazi ijayo litaiua. Kioo chenyewe kina utando wa chumvi na mafuta ambao sabuni haiutoi vizuri. Siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ikasuguliwa kwa gazeti, inautoa. Usipake mafuta ya taa kwenye raba eti ing'ae, inavimba na kupinda. Na kioo kikishika mvuke kwa ndani, washa kiyoyozi na uelekeze hewa kwenye kioo, hata kama nje kuna baridi. Kiyoyozi kinakausha hewa, si kuipoza tu. Wengi wanakizima mvua ikianza, kisha wanaendesha huku wanapangusa kioo kwa leso.

Matairi ndiyo yanayostahili pesa yako ya kwanza. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, meno yakifikia hapo, tairi limekwisha. Kwa lami iliyotapakaa maji usisubiri hapo, badilisha yakikaribia milimita 3, kwa maana mifereji mifupi haiwezi kusukuma maji pembeni na gari linaanza kuelea. Tazama pia umri. Pembeni mwa tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 1819 ni wiki ya 18 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na ubavu wenye nyufa nyembamba za jua. Hilo liache hapo hapo dukani. Upepo ujazwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, tairi likiwa la baridi. Kupunguza upepo ili "lishike" kwenye lami yenye maji kunaleta kinyume, tairi laini huelea upesi zaidi. Upepo hupunguzwa kwenye mchanga au tope zito, hadi kama psi 18 au 20, na unarudishwa kabla ya kushika lami.

Magurudumu yakiwa bado yametolewa, piga msasa uso wa habu, pale rimu inapokaa, na upake grisi kidogo sana kwenye ule mduara wa katikati. Kwa chumvi yetu rimu huganda kwenye habu, na tairi likipasuka usiku njia ya Hindi, kule Lamu, utafungua nati zote tano na gurudumu lisitoke. Grisi isiguse nyuzi za bolti wala diski. Kaza nati kwa kupishana, kwa magari madogo karibu Nm 100 kwenye spana ya kupimia nguvu, na ukaze tena baada ya kilomita 50 hivi.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. DOT 4 mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ndipo unapoteremka mlima na pedali inazama. Badilisha kila miaka miwili. Kwa gari dogo chupa mbili za nusu lita zinatosha. Anza gurudumu lililo mbali zaidi na pampu, umalizie lililo karibu, na usiache kikopo cha juu kikauke katikati ya kazi, maana hewa itaingia na utarudia yote. Chupa iliyofunguliwa masika iliyopita na kukaa kwenye rafu, mwaga. Kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, toa zile pini mbili zinazoteleza. Zikiwa kavu au zimeota kutu, pedi moja inakwisha na mwenzake inabaki nzima, na gari linavuta upande mmoja ukishika breki kwenye maji. Safisha na upake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida inavimbisha raba zake. Breki za nyuma za drami zifunguliwe zitolewe vumbi, ambalo likilowa linakuwa gundi na kushikilia breki ya mkono.

Ukiwa chini, tazama zile raba nyeusi zenye mikunjo zinazofunika viungo vya ekseli za mbele. Ufa mdogo unaotema grisi pembeni ya rimu ni kazi ya raba na grisi tu ukiuwahi sasa. Ukiuacha, tope la kwanza linaingia, na mwezi mmoja baadaye gari linalia kak-kak-kak ukikata kona, hapo unanunua kiungo kizima.

Kwenye injini nina neno moja la ugomvi na mafundi wenzangu, nalo ni themostati, ile valvu inayozuia maji ya radieta mpaka injini ipate moto. Huku pwani imekuwa mazoea kuitoa na kuitupa, eti joto limezidi. Gari linalochemka lina radieta iliyoziba, feni mbovu, mfuniko usioshika presha au pampu ya maji iliyochoka. Themostati mbovu hubadilishwa kwa nzima. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi, inakunywa mafuta zaidi, na unyevu unaoingia kwenye oili haupati joto la kuutoa. Kusi ikishika na hali ya hewa kupoa, madhara yanaongezeka. Na radieta ijazwe kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na madini, yale ya betri. Maji ya kisima chenye chumvi yanakula radieta ya aluminiamu kutoka ndani.

Kama pesa haitoshi kwa yote, na mara nyingi haitoshi, kwanza matairi na breki, pili waipa na taa, tatu betri. Kuosha chini na kuzibua matundu kufanywe hata kama hakuna senti, kwa sababu ni jasho tu.

Mvua zikiingia, hatari ya kwanza ni ile nusu saa ya mwanzo. Lami imebeba mafuta na vumbi la miezi minne, mvua kidogo inavifanya utelezi, na mvua kubwa bado haijaviosha. Punguza mwendo hapo kuliko utakavyopunguza baadaye.

Kuhusu kupita kwenye maji, fungua boneti leo, ukiwa umetulia, utafute mdomo wa bomba linalovuta hewa ya injini. Kwenye magari mengi madogo uko nyuma ya taa ya mbele, juu kidogo tu ya bampa. Huo ndio mpaka wa maisha ya injini yako. Kwa gari dogo, maji yaliyosimama yasipite katikati ya gurudumu. Yanayokwenda ni habari nyingine kabisa: sentimita 30 zinaweza kulielesha gari dogo, na 60 zinaondoka na karibu gari lolote. Vijito vya msimu upande wa Langobaya na Chakama vinaweza kuwa vikavu asubuhi na kujaa jioni bila tone kunyesha pale ulipo, kwa sababu imenyesha juu. Subiri. Novemba 2023, Mto Tana ulipofurika na maji kuifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu upande wa Gamba, hata magari makubwa yalizuiwa. Gari dogo lilikuwa halina la kuuliza.

Ukiamua kupita, ingia gia ya kwanza, polepole, bila kukanyaga klachi wala kuachia mafuta katikati, na usipishane na lori, maana wimbi lake ndilo litakalofika kwenye bomba lako la hewa. Gari likizimika ndani ya maji, ufunguo usiuguse. Hapo ndipo injini nyingi zinapokufa, na si kwa ujinga. Ni usiku, watoto wako nyuma, maji yanapanda, na mkono unakwenda wenyewe kwenye ufunguo.

"Fundi, jaribu stata mara moja tu, labda litashika."

"Ukipiga stata sasa, bwana, unanunua injini."

Sababu yake ni hii. Hewa ndani ya silinda hubanwa, maji hayabaniki. Pistoni ikiyagonga, ule mkono wa chuma unaoishika unapinda, na injini nyingine ya kuagiza, hata ya mtumba, ni makumi ya maelfu ya shilingi kabla ya kazi ya kufunga. Likokotwe hadi pakavu, utoe waya wa hasi wa betri, kisha ufungue boksi la filta ya hewa. Filta ikiwa kavu, huenda ni plagi au koili tu zimelowa, zikaushe. Ikiwa imelowa, toa plagi zote, zungusha injini kwa mkono ukitumia spana kwenye puli ya chini, maji yatoke kwenye matundu ya plagi. Yakiisha ndipo unarudisha waya wa betri na kupiga stata kidogo, plagi zikiwa bado nje. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, mwaga, badilisha na filta yake, washa gari dakika chache, kisha mwaga tena. Kwa dizeli usijaribu haya barabarani, mgandamizo wake ni mkubwa zaidi na kosa dogo linavunja. Ita fundi atoe plagi za joto au nozeli.

Hata likipita salama, kazi haijaisha. Shika breki taratibu mara kadhaa zikauke. Habu na difu (boksi la gia za ekseli) zilizokuwa moto zikizama kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili na vile vipumulio vya juu. Kwa hiyo wiki hiyo fungua kizibo cha difu utazame oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, imwagwe. Gari la dizeli lina kizibo chini ya filta ya mafuta kwa ajili ya kumwaga maji; kifungue mpaka dizeli itoke peke yake. Kama maji yalikuwa ya bahari au ya chumvi, kwa mfano karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, lioshe chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo. Kesho ni kuchelewa.

Wanaokwenda Lamu wana jambo lao, kwa kuwa gari linabaki Mokowe, kwenye gati ya bara, na mwenyewe anavuka kwa boti, pengine kwa wiki kadhaa za mvua na upepo wa bahari. Usiache breki ya mkono imevutwa, itaganda. Weka gia ya kwanza, au P kwa otomatiki, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Toa waya wa hasi. Elekeza pua ya gari mbali na bahari kama nafasi ipo. Usilifunike kwa turubai la plastiki linalogusa bodi: upepo unalisugua na mchanga kama msasa, na unyevu unabaki chini yake. Ukirudi, fungua boneti kabla ya kuwasha. Panya wa bandarini wanapenda waya na joto la injini, na filta ya hewa yenye kiota ni jambo la kawaida.

Kuanzia Juni mvua hupungua na kusi inavuma moja kwa moja kutoka baharini. Watu wanaliona jua wanapumzika, na chumvi inarudi. Osha kwa maji matamu kila wiki kwa gari linalolala karibu na ufuo. Anayekaa mbali, upande wa Ganda au Kakuyuni, kila wiki mbili inatosha. Inua mazulia yote siku moja yenye jua, uguse sifongo kwa kiganja. Likiwa na ubaridi, maji yaliingia mahali, na uanze kutafuta kwa kumwagia maji sehemu moja moja mtu mwingine akiwa ndani na tochi: kwanza mfereji wa chini ya kioo, kisha raba za milango, mwisho raba ya mlango wa nyuma. Filta ya hewa iliyopigwa na vumbi la Machi na unyevu wa Mei haipulizwi tena kwa kompresa, inanunuliwa mpya. Na vuli za Oktoba na Novemba, ingawa ni fupi, zinakuta waipa zimekwisha kulowa, kukauka na kupigwa na kusi. Zijaribu kwa maji ya ndoo mwisho wa Septemba, wakati duka la spea bado lina saizi yako.